Tofali Lisilolia

Ilikuwa Ruangwa, miaka ya elfu mbili imeshasonga, kwenye semina ya mafundi. Tulikaa kwenye viti vya plastiki ndani ya ukumbi ambao nusu yake niliijenga mimi, na nalisema hilo mapema ili msomaji ajue anaongea na nani. Mwezeshaji, kijana aliyesoma, shati jeupe, alimgawia kila mmoja karatasi kubwa na kalamu nene ya wino. Akasema tuandike kitu kimoja tu: jambo ambalo katika kazi yako huwezi kulifanya, mtu akupe atakachokupa.

Mmoja wetu akaandika "kuiba saruji" na ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana tunajuana. Mimi sikucheka. Nina darasa la nne tu, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa, lakini herufi zangu ni kubwa na zimenyooka kuliko za watu wengi waliofika la saba. Niliandika: SIWEZI KUJENGEA TOFALI LISILOLIA. Nikaibandika ukutani.

Kijana akaisoma mara mbili. "Mzee, tueleze. Tofali linaliaje?"

Nikasimama nikaeleza, tena nikaeleza vizuri, kwa mikono. Wakanipigia makofi. Wao wanapiga makofi, mimi naiangalia karatasi yangu ukutani, kwa sababu nilichokiandika kilikuwa kweli na hakikuwa kweli. Siwezi, hilo ni kweli. Lakini niliwahi. Na juu ya bati mvua ilikuwa imeanza.

Nirudi nyuma kidogo.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, pale Chiola. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni. Nyumbani aliongea Kimwera, kwa hiyo maneno yake humu nimeyageuza mwenyewe. Alichoma vyungu vyake uwanjani kwa magome na nyasi kavu. Vikishapoa alikaa chini, miguu ameinyoosha, akachukua kimoja kimoja akakigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinalia. Kinatoa sauti nyembamba inayokaa kidogo hewani kabla haijaondoka. Chenye ufa wa ndani, hata kama jicho halioni kitu, kinajibu bu, basi. Hicho alikivunja pale pale. Vigae vyake alivitwanga kwenye kinu, unga wake akauchanganya na udongo wa vyungu vitakavyofuata.

Nilikuwa namwambia, "Mama, hiki si kingeuzika? Nani atajua?"

"Kinaenda kukaa jikoni kwa mtu," anasema, na mkono umeshachukua kingine.

Hayo ndiyo mafundisho yote niliyopata duniani kuhusu kazi. Sikuongezewa mengine.

Ujenzi nilianza kwa kubeba maji. Niliwabebea mafundi maji, baadaye nikawabebea udongo, baadaye fundi mmoja akaugua macho nikaushika mwiko wake, na tangu siku hiyo sikuurudisha. Chuo sikukiona. Timazi yangu ya kwanza niliitengeneza kwa nati ya trekta bovu, mabaki ya yale mashamba ya karanga ya wakoloni, na uzi wa nailoni. Kufikia katikati ya miaka ya tisini hakukuwa na mtu Nachingwea aliyesimamisha kona kama mimi. Anayebisha achukue pimamaji aende mtaani akapime, kuta zangu bado zipo. Nilikuwa na nyumba ya bati. Nilikuwa na baiskeli mpya. Na nilikuwa na kidole cha mama, ambacho nilikitoa kwenye vyungu nikakileta kwenye matofali.

Maana ni kitu kile kile. Tofali la kuchoma lililoiva, ukiligonga na mwenzake, linalia kama bakuli. Lisiloiva ni udongo uliopata rangi tu. Likiwa kavu linakaa vizuri kabisa, utalisifu. Likilowa linakumbuka lilikotoka. Mimi nilikuwa nayagonga mbele ya mwenye nyumba na yasiyolia nayatupa pembeni, na watu walipenda kunitazama. Nilijiona mtu mwenye msimamo. Sasa naona nilikuwa mtu ambaye hajajaribiwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao Ruangwa ndiyo kwanza inakuwa wilaya. Kila fundi alijua majengo yanakuja: ofisi, nyumba za watumishi, maghala. Kijiji kimoja njia ya Nandagala, jina lake naliacha, kiliamua kujenga darasa kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wanasomea kwenye banda la nyasi. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti laini, alinifuata mpaka nyumbani kwangu.

"Fundi," akasema, "kuna mkubwa atakuja kulifungua. Akiniuliza nani kajenga, nikamtajia wewe, umeshaingia Ruangwa. Sitaki kusema zaidi."

Hakuhitaji kusema zaidi.

Tulikubaliana wananchi wafyatue matofali, mimi nipange tanuru na nijenge. Kina mama walipandisha maji kutoka bondeni, ndoo kichwani, siku baada ya siku, mpaka njia ile ikawa inateleza muda wote. Nilipanga tanuru zuri, nikaacha midomo minne ya moto, nikawaambia wanaume sita waliopewa zamu: moto usilale siku tatu. Nikawaahidi kwamba siku ya pili nitarudi kukagua, kwa sababu siku ya pili ndiyo yenyewe. Hapo fundi huangalia rangi ya moto, huongeza kuni huku, huziba kule, na hapo ndipo matofali huiva au hukosa.

Lakini ulikuwa mwezi wa saba. Mwezi wa saba huku kwetu watoto wanatoka jandoni, na mjomba hakosi. Mjomba ndiye anayempokea mpwa wake, anamvisha nguo mpya, anambeba begani mbele za watu. Mjomba asipoonekana mtoto anabaki amesimama uwanjani kama hana kwao. Wale sita wa zamu wote walikuwa wajomba wa mtu. Na mimi nilikuwa mjomba wa mtu, Chiola. Sikwenda kukagua. Nilicheza ngoma, nikala nyama, nikambeba mpwa wangu mpaka shingo ikakakamaa, na tanuru lile wala sikulikumbuka. Naandika hivi kwa sababu kwa muda mrefu, kila nilipoisimulia habari hii, niliwataja wale sita tu.

Nilirudi kule baada ya wiki mbili. Tanuru lilikuwa limefunguliwa, matofali yamepangwa safi kabisa, mekundu kiasi cha kutosha kumdanganya mpita njia. Nikachukua mawili nikayagonga. Bu. Nikachukua mengine. Bu. Yaliyokuwa katikati, karibu na midomo ya moto, yalilia. Ya pembeni na ya juu, karibu nusu ya yote, yalikuwa bu.

"Mwenyekiti, moto ulilala."

"Ulilala kidogo."

"Kidogo cha saa au kidogo cha siku?"

Akajikuna kidevu. "Na wewe fundi, si ulisema utakuja?"

Nikayageuza matofali mkononi. Akasogea karibu, akaishusha sauti.

"Kina mama unawaona wale? Maji yote yale ni shingo zao. Nenda kawaambie warudi bondeni waanze upya. Nenda. Mimi nakaa hapa nakusikiliza utakavyowaambia."

Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha banda wanabangua karanga. Mmoja wao alikuwa Mmakua, mtani wangu kwa kabila, mwanamke ambaye hajawahi kuliacha neno likapita. Aliniona na matofali mawili mkononi akapaza sauti: "Mtani! Mbona unayabishia hodi matofali? Yamekufungia mlango?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Na jambo likaamuliwa hapo hapo, ndani ya kicheko, kabla sijajua kwamba naamua. Nikasema, "Yatafaa."

Neno moja hilo. Nimeshasema maneno mengi ya ovyo maishani, lakini hilo ndilo ninalolisikia.

Basi nikajenga. Yaliyolia niliyapeleka mbele, kwenye kona, kwenye fremu za milango, na kozi za chini zinazobeba mzigo. Yasiyolia niliyapeleka ukuta wa nyuma, unaotazama porini, kuanzia usawa wa goti kwenda juu. Nilipanga kwa akili, na akili ile inanitisha mpaka leo, kwa sababu ilikuwa akili nzuri. Fundi mbovu asingeweza. Kile kitu kilitaka fundi hodari. Nikaharakisha plasta kabla mtu hajaegemea. Na siku za mwisho, saidia fundi walipokuwa wananipitishia matofali haraka haraka, niliacha kabisa kuyagonga. Niliogopa kusikia. Kwa hiyo baada ya pale hata mimi mwenyewe sikujua lipi limekaa wapi.

Mkubwa akaja akafungua. Akapitisha kiganja kwenye plasta ya mbele akasema, "Safi sana." Mwenyekiti akanisukuma mbele ya watu. Nilipewa beberu mzima, na mwezi haukuisha nikaitwa Ruangwa kujenga nyumba ya mtumishi. Hapo nilitembea kifua mbele, nisidanganye.

Halafu mvua zikaanza.

Mimi nilikuwa mtu wa kuipenda mvua. Ukiwa fundi, mvua ni mapumziko. Mwaka ule, wingu likitanda tu naacha ninachofanya natoka nje. Nilikuwa nasimama barazani Nachingwea naangalia upande wa Ruangwa, kama vile naweza kuiona mvua inavyonyesha kwenye ukuta mmoja. Magari yaliyotoka huko niliyafuata stendi. "Huko mlikotoka imenyesha? Imenyesha ya kawaida au ya upepo?" Maana ya upepo ndiyo inayopiga ukuta. Bati hazikutosha, na upande wa nyuma paa lilikuwa halikutoka nje vya kutosha. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Nikaanza kwenda. Mvua ikikatika napanda baiskeli, nakanyaga mpaka kijijini, napita mbele ya darasa kama mtu anayekwenda kwingine, nalizunguka mara moja, narudi. Mke wangu akaanza kununa.

"Huyo wa Nandagala anaitwa nani?"

"Hakuna mtu Nandagala."

"Basi unakwenda kumwangalia nani kila ikinyesha? Chura?"

Ningemwambia nini? Kwamba naenda kuuangalia ukuta? Angesema bora mwanamke.

Safari ya tatu au ya nne mwalimu wa darasa la kwanza alinikuta nyuma ya jengo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kavu, chaki imemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Fundi, ukuta wako unatoka jasho."

"Ni saruji mpya, mwalimu. Inapumua."

"Inapumua?"

"Mwaka wa kwanza huwa inapumua."

Alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye fundi." Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo: "Wale wanaokaa nyuma wanaegemea hapo. Mashati yao yanarudi nyumbani mekundu mgongoni. Mama zao wananiuliza mimi."

Nikachungulia dirishani. Kwenye ukuta wa nyuma, kwa usawa wa kimo cha mtoto, plasta ilikuwa imechubuka kwa mstari mrefu, alama za migongo, na palipochubuka palikuwa pameloa. Juu yake kulikuwa na ufa. Haukuwa mkubwa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukapanda ukipinda, mwembamba kama mshipa. Chini ya ufa ule walikaa watoto wanane, labda tisa, wanaimba irabu.

Nilimwambia mwalimu nitaleta saruji niupake. Nilitaja hata tarehe. Kisha nikaondoka, lakini mjini sikwenda. Baiskeli yenyewe ilinipeleka Chiola kwa mama.

Alikuwa ameshazeeka, hafinyangi tena, ila vyungu vichache vilibaki vimepangwa kizingitini. Nilikaa sijasalimia vizuri, nikachukua kimoja nikakigonga. Kikalia. Nikachukua cha pili.

"Una nini na vyungu vyangu?" akauliza.

Nikamweleza. Sikujua kwamba nakwenda kumweleza mtu, lakini nilimweleza yote, moto, jando, neno nililolisema, mpaka mashati mekundu. Alisikiliza huku anachambua mchicha. Nilitegemea anitukane. Mtu akitukanwa anapumzika.

Aliuliza swali moja tu. "Wanakaa upande gani?"

"Upande huo huo wa ukuta."

Aliuweka mchicha chini. Akainuka kwa shida, mkono kwenye goti, akaenda mpaka ilipoegemea baiskeli yangu, akaigeuza ikaangalia nilikotoka. Kisha akarudi kwenye mchicha wake.

Nililala njiani kwa shemeji, na asubuhi nilikanyaga kwenye mvua. Njia nzima nilikuwa napiga hesabu ya maneno. Nikisema ukuta una unyevu tu, wataupaka chokaa. Nikisema nataka kuukarabati bure, wataniona mwema, na watoto wataendelea kukaa pale mpaka nianze. Nikisema kweli, Ruangwa imekufa, na jina langu limekufa kabla yake. Na mimi sikuwa na kitu kingine, msomaji wangu. Sina cheti. Jina ndilo lilikuwa cheti. Nilifika nikiwa bado sijachagua.

Darasa lilikuwa limejaa. Mvua ilikuwa inapiga ule upande wenyewe. Nikasimama mlangoni natiririka maji.

"Mwalimu, watoe watoto."

"Tuko kwenye hesabu, fundi."

"Watoe, mwalimu."

"Kuna nini?"

Watoto wote walikuwa wananiangalia. Nikasema, "Ukuta haupumui. Nilikudanganya."

Hakuniuliza la pili. Alipiga makofi mara mbili. "Simameni. Daftari ndani ya shati. Tokeni, msisukumane." Wakatoka kwenye mvua wanapiga vigelegele, kwao ilikuwa sikukuu. Yeye akatoka wa mwisho, na aliponipita alisema kwa chini, "Siku zote hizi."

Mwenyekiti akaja na mwavuli na buti za mpira. Watu wakajibana upande wa mbele wa jengo, kwenye ukuta mzuri.

"Umelewa?"

"Sijalewa."

"Unajua aliyelifungua hili jengo ni nani?"

"Najua."

"Umeshapata Ruangwa yako, sasa unakuja kunichafua mimi!"

Nilichukua nyundo nikazunguka nyuma, na wao wakanifuata. Nikabandua plasta pale penye ufa, sehemu ya upana wa sahani. Kisha nikaweka nyundo chini, nikaingiza vidole kwenye tofali kama unavyokata tonge la ugali. Likaja. Nikalishika kwenye kiganja mbele yao, mvua ikaligonga, likaanza kunipitia katikati ya vidole.

Basi nikawaeleza mwenyewe. Nikasema moto ulilala, na siku ya pili aliyepaswa kuukagua ni mimi, na mimi nilikuwa Chiola nacheza ngoma ya mpwa wangu. Nikasema kwamba niliyagonga, mliniona nayagonga, na nilijua, na nikasema yatafaa.

Mtani wangu ndiye aliyejibu. "Kumbe yalikataa kufungua, mtani," akasema, "ukaamua kupitia dirishani."

Wakacheka. Kicheko kile kilinikata kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Mvua ilipotulia tukaliegemeza paa kwa nguzo na tukaubomoa ukuta wa nyuma. Hapo kuna jambo ambalo halijaniacha. Sehemu moja iliporomoka tulipoigusa. Lakini sehemu nyingine, nzima, yenye matofali yale yale, ilikataa. Wanaume wanane tuliisukuma, tukapumzika, tukaisukuma tena. Mzee mmoja, mmoja wa wale sita wa zamu, alijifuta uso akasema, "Huu ungesimama miaka kumi. Umetutia aibu bure." Huenda ungesimama. Huenda ungeanguka siku ya Jumapili, hamna mtu. Sitajua kamwe, na wapo kule mpaka sasa wanaosema yule fundi alipata wazimu akabomoa shule.

Matofali mabichi yana faida moja: yanarudi. Tuliyaloweka, tukayakanda, tukayafyatua upya kiangazi kilipofika. Maji nilipandisha mimi. Ndoo kichwani, mwanaume mzima, fundi wa Nachingwea, kina mama wamejipanga njiani wananizomea. "Kaza shingo, mtani! Usitikisike! Unamwaga!" Nilimwaga mengi. Niligundua kwamba kutoka bondeni pale pana mlima ambao nilikuwa sijawahi kuuona, ingawa nilipita hapo kila siku wakati najenga.

Tanuru tulilichoma mwezi wa saba, kwa kuwa darasa lilikuwa linahitajika na kuni zilikuwa kavu. Nilikaa kwenye moto siku tatu, sikutoka. Na siku ya pili, Chiola, mpwa wangu wa pili alitoka jandoni bila mimi. Walituma mtu kuniita. Nilimrudisha. Mtoto alibebwa na mjomba wa mbali, mtu wa kuazima. Dada yangu aliacha kuongea nami kwa muda mrefu, na mpwa mwenyewe, ambaye sasa ana ndevu, akinisalimia ananisalimia kama jirani. Watu husema ukifanya la haki unapata amani. Mimi nilipata matofali yanayolia na mpwa asiyenitazama machoni, na ningeambiwa nichague tena, bado ningetetemeka.

Kazi ya Ruangwa ilikwisha kabla sijapiga bati. "Fundi anayebomoa," walisema. Misimu miwili nilijenga vyoo na mabanda ya kuku, na niliyajenga vizuri, nendeni mkaone. Baadaye wakaanza kunirudia mmoja mmoja, wa kijiji cha Malolo kwanza, halafu wengine, kwa sababu hiyo hiyo iliyowafanya wanikimbie. Nikifika nagonga. Nagonga mbele ya mwenye nyumba, nagonga mpaka mwenye nyumba anachoka. Wengine huniambia, mzee, haya yatafaa. Nikilisikia neno hilo naweka mwiko chini.

Lakini ule ulikuwa ukuta mmoja. Darasa lina kuta nne. Zile tatu nilizitoboa hapa na pale nikakuta matofali mazima, na mwalimu akaridhika, mwenyekiti akaridhika. Mimi ninakumbuka siku zile za mwisho, matofali yanapita mikononi mwangu haraka haraka, na masikio nimeyaziba kwa makusudi.

Kwa hiyo siku ile ya semina, makofi yalipokwisha, nilimwambia kijana wa shati jeupe kwamba nina dharura. Nikawasha pikipiki, maana sasa nina pikipiki, na nikaenda. Mvua ilikuwa imekatika nilipofika. Yule mwalimu mfupi sasa ni mwalimu mkuu, nyusi ni nyeupe na safari hii si chaki, lakini darasa la kwanza hakuliachia mtu mwingine. Alikuwa ndani anafundisha. Ukuta mpya wa nyuma niliuacha, nikaenda taratibu kwenye wa mbele, nikakunja kidole, nikaanza kwenye kona, nikagonga.

Akachungulia dirishani. "Ni wewe tu? Ingia, itarudi ikunyeshee. Au unauogopa ukuta wako?"

"Naogopa, mwalimu."

Akawageukia watoto akawaambia wanyamaze, wote, mpaka huyu babu amalize, kwa sababu anasikiliza kitu.

Darasa zima likanyamaza. Nikahamia hatua moja, nikagonga tena.